Pole kwa Mtu wa Kwenye Simu

Juzi asubuhi, Mafinga, baridi ya kung'ata vidole, tulikaa kwenye ofisi ya tiketi tukisubiri basi la Mbeya. Mfanyabiashara wa mbao, mtu mzima mwenye koti zito, alikuwa amezama kwenye gemu ya simu, sauti juu.

Muziki ulianza taratibu, kama mtu anayetembea shambani. Ghafla ngoma zikaanza kukimbia. Mama aliyekuwa akifuma sweta pembeni yake akasimamisha sindano.

"Baba, kuna nini humo?"

"Mtu anakimbizwa na joka, mama."

Karani wa tiketi akagonga kioo cha dirisha lake. "Mzee, punguza kelele!"

Akazima sauti. Benchi zima likaguna.

"Washa bwana," mama akasema. "Tutajuaje kama amepona?"

Akawasha. Ngoma zikakimbia, kisha zikakatika, ikabaki filimbi moja ya huzuni. Hatukuwa tumeona picha hata moja; masikio tu ndiyo yaliyotupeleka msibani. Na huku kwetu msiba haupitwi kimya. Mama akampa mkono: "Pole sana, baba." Tukafuata mmoja mmoja. Hata karani alitoka.

Mzee akapokea pole zote kwa adabu, akabonyeza simu. Muziki wa shambani ukaanza upya.

"Kumbe amefufuka?"

"Ana roho tatu, mama. Hii ya pili."

"Ungesema mapema! Sisi pole tumeshamaliza."

Akarudi kwenye sweta lake, amenuna, ameapa hasikilizi tena. Ngoma zilipoanza kukimbia, sindano zikasimama.