Kipindi cha Baada ya Chakula

Walipompa kazi ya kufundisha Kiingereza pale madrasa, walimbandika kipindi ambacho hakuna aliyekitaka: baada ya chakula cha mchana, bati likiwaka juu na nusu ya darasa wakisinzia. Dada Mwalimu hakulialia. Alimfuata mudiri, mkuu wa madrasa, wakapatana: wazazi watakuja kusikiliza. Watoto wakizungumza, atahamishiwa asubuhi. Wakinyamaza, somo lifutwe naye ashike njia.

Alifundisha mpaka sauti ikamkauka. Kila akiuliza swali, darasa zima linamrudishia lilelile kwa pamoja, wakiyumbayumba kama wako kwenye Kurani.

"Nataka mtu anijibu, sio aniitikie."

"Kwani tumeitika vibaya, Dada?"

Alipokwenda kuuguza mwanawe, ustadhi wa Kurani alimshikia darasa kwa nia njema. Akafanya analolijua: akawahifadhisha kitabu kizima cha Kiingereza.

Wazazi wakafika. Baba mmoja, muuza viatu, akamuuliza msichana wa mbele kwa Kiingereza anakaa wapi. Msichana akafumba macho, akaanza mazungumzo ya ukurasa wa kwanza, anauliza na kujijibu mwenyewe. Wenzake wakadaka. Wakapita sokoni, wakapita hospitali, hawakutua mpaka jina la mpiga chapa nyuma ya jalada.

Kina mama wakafuta machozi. Mudiri akasema mashaallah.

"Lakini hajaniambia anakaa wapi," alinung'unika muuza viatu.

"Hiyo iko kitabu cha pili, mzee wangu," ustadhi akamjibu.

Baadaye, ofisini, mudiri alikuwa bado anatabasamu. "Asubuhi ni yako, dada. Na cha pili wakihifadhi vilevile."

"Tulipatana wazungumze, mudiri."

"Kwani walinyamaza?"

Dada Mwalimu akapiga hesabu. Akisema kweli, kwamba hawakuelewa hata neno, somo linafutwa kwa masharti yake mwenyewe. Akaanza upya.

"Nusu ya kipindi ustadhi ahifadhishe. Nusu yangu, vitabu vimefungwa."

"Robo."

"Nusu. Au nimwite muuza viatu aulize tena, na wazazi wote wakiwepo."

Mudiri akakuna ndevu. "Theluthi, dada yangu, tusichoshane."

Akaichukua. Asubuhi ya kwanza alifungisha vitabu, akauliza swali moja jepesi. Macho yote yakageukia mlangoni, aliposimama ustadhi.

"Niwaanzishie?" ustadhi akanong'ona.

"Ustadhi, nakuomba, kaa chini."

Akauliza tena.