Wimbo aliouacha Marwa kwenye gemu la gitaa haukuwa na mwisho. Sasa unao

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nianze na jambo lenyewe. Kuna wimbo ambao mtu aliuacha bila mwisho kwenye gemu la gitaa, sebuleni kwangu, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake. Mtu huyo akapotea. Siku tulipouwasha mbele ya wazee wa ukoo wake, mchana kweupe, wimbo ulikuwa na mwisho.

Sitatia chumvi. Pale nisipojua nitasema sijui. Majina nimebadilisha.

Sasa nirudi nyuma.

Mimi ni mwalimu, kwetu Njombe. Nilipangiwa kazi Kewanja, huku Tarime, jirani na mgodi mkubwa. Nikapanga chumba na sebule kwa Marwa, mchimbaji mdogo ambaye pia ni mpiga litungu. Kwa msiolijua, litungu ni ala ya Wakurya, kubwa, ya nyuzi nane, mtu anaipiga akiwa amekaa. Msimu wa sherehe ukifika, Marwa haendi kabisa shimoni. Anagombaniwa.

Gemu nililinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anahama. Linakuja na gitaa la plastiki. Shingoni lina vifungo vitano vya rangi, tumboni lina ulimi wa kuchezesha kama unakwangua nyuzi. Kwenye TV kunatokea kama barabara, rangi zinashuka, na wewe unabonyeza rangi inayofika kwa wakati wake. Ukikosea sana, watazamaji wa humo ndani wanakuzomea.

Marwa alipoliona alicheka mpaka akakaa chini.

"Vifungo vitano? Mura, mzungu wako aliishiwa vidole?"

Akajaribu, akazomewa. Akajaribu tena, akazomewa zaidi. Shida yake ilikuwa moja: alikuwa anapiga kabla rangi haijafika.

"Mbona mimi ndiye nafuata?" alilalamika. "Mimi nikipiga, watu ndio wananifuata."

Mke wake, Bhoke, alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mahindi. "Baba Robhi, unazomewa na watu wa plastiki. Si bora urudi shimoni?"

Nikamwonyesha sehemu nyingine ya gemu, ya kutunga. Humo hufuati kitu. Unapiga unachotaka, mashine inahifadhi, na baadaye inakuonyesha rangi zako mwenyewe zikishuka. Hapo ndipo nilipompoteza. Kila jioni akitoka kazini anaoga, anakuja kukaa na lile gitaa mapajani, akiminya nyuzi nane ziingie kwenye vifungo vitano. Mwishowe akapata wimbo. Bhoke akiwa jikoni alisikia sehemu fulani akatoka na mwiko mkononi, maana hapo litungu linasalimia watu wa kwao, upande wa baba yake. Ulikuwa wimbo wa Bhoke.

Siku ya kuurekodi, Marwa akapiga vizuri sana, halafu akaacha ghafla. Rangi zikaisha, barabara ikabaki tupu.

Nikamwambia, "Umesahau mwisho."

"Sijasahau. Nina safari." Akanieleza kwamba kwao, mpiga litungu akiwa na safari hafungi wimbo. Mwisho anaupiga akirudi, mke wake akisikia. Na asiporudi, siku ya kumaliza matanga nyuzi za litungu lake zinalegezwa, kisha mpigaji mwingine anampigia ule mwisho.

"Kwa hiyo mwisho una watu wawili tu," akasema. "Mimi, au wa kunizika."

Alilisema hilo kama mtu anayeelezea namna ya kufunga ng'ombe. Kesho yake akapanda bodaboda kwenda Sirari, akavuka kwenda kutafuta dhahabu upande wa Kenya.

Hakurudi.

Simu ikawa haipatikani. Tukasikia shimo limeporomoka huko. Kaka yake mkubwa, Mwita, akaenda. Waliotolewa aliwatazama wote, Marwa hakuwemo. Waliokuwa hai nao hawakumjua. Ikawa hivyo: hayupo kwa wafu, hayupo kwa wazima.

Mimi nikalifungia gitaa kabatini, nikatoa betri zisije zikavuja. Nilikuwa nawasha mashine mara mojamoja kwa ajili ya Bhoke. Alikuwa anapenda kuusikiliza ule wimbo Jumapili akitoka kanisani. Kila mara uliishia palepale, barabara tupu. Nalisisitiza hili kwa sababu najua kuna watakaosema mwisho ulikuwepo tangu mwanzo.

Msimu wa tohara ukakaribia. Robhi, mtoto wao mkubwa, alikuwa ni wa mwaka huo. Mwita akaja na wazee wawili. Nikawaamkia shikamoo, nikataka kuondoka, Mwita akanizuia.

"Kaa, Mwalimu. Wewe ni wa hapa."

Akaongea na Bhoke taratibu. Mimi sikumwona kama mtu mbaya. Alisema mtoto hawezi kwenda akiwa na baba asiyejulikana yuko wapi. Akiwa hai, asimame. Akiwa amekufa, nyuzi zilegezwe, aliliwe, yeye Mwita asimame badala yake.

Bhoke akajibu, "Mkilegeza nyuzi, akirudi atakuta yeye ni marehemu na mimi nimegawiwa."

Huo ndio uliokuwa ugomvi wote. Ukishalegeza, hakuna kukaza tena. Nyumba inahama mikono, na mke pia anapangiwa wa kumtunza.

Wazee wakashinda kwa wingi wa maneno. Wakakubaliana kumwita mpigaji mmoja wa kijiji cha Nyarero ampigie Marwa ule mwisho. Ila mpigaji yule hakuujua wimbo. Mwita akanigeukia. "Nasikia wimbo uko kwenye TV yako. Washa nimrekodie kwenye simu, autumiwe ajifunze."

Nikawasha. Wazee wakavuta viti, Bhoke akabaki mlangoni. Rangi zikaanza kushuka, Mwita ameinua simu. Ikafika salamu ya watu wa kwao Bhoke, ikapita. Ikafika pale mahali pa kuishia.

Zile rangi hazikuisha.

Ziliendelea kushuka, pole, moja moja, na sauti yake haikuwa ya kubahatisha. Mzee mmoja alikuwa anafuatisha kwa kichwa, akaacha. Mwita hakushusha simu. Wimbo ukajizungusha mara moja, ukatulia, uzi wa chini ukaguswa, basi. Barabara ikawa tupu.

Nje nilisikia kuku tu.

Mwita akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, umeongeza wewe?"

Nikamwambia kwamba kwenye lile gemu, wimbo wowote nikijaribu nazomewa mpaka leo. Nikafungua kabati. Gitaa lilikuwa na vumbi, nyumba ya betri tupu. Mlango wangu una kufuli na ufunguo natembea nao. Niliangalia tarehe ya kuhifadhiwa wimbo, ila saa ya ile mashine haijawahi kuwekwa sawa, kwa hiyo haikusaidia. Baadaye nilimuuliza mwalimu wetu wa kompyuta. Akasema faili linaweza kuharibika likakatika, lakini hajawahi kuona linalojitungia.

Tukaurudia. Ulikuwa uleule.

Mwita akamgeukia Bhoke. "Mke wetu, huu mwisho mwenye nao ni wewe. Mkono wa mumeo unaujua kuliko sisi. Ni yeye?"

Bhoke akaukumbatia ungo.

"Ni yeye."

Mzee mmoja akavua kofia. Mwita akaweka simu mfukoni, akasema hawawezi kulegeza nyuzi za mtu aliyefunga wimbo wake mwenyewe. Mtu huyo yuko njiani. Robhi atasubiri msimu ujao. Wakala ugali, wakaondoka.

Mimi nilibaki nimefarijika. Nilijiambia labda kuna maelezo, na hata yasipokuwepo, mama wa watu amepata nafasi.

Jioni nilimkuta anapukuchua mahindi nyuma ya nyumba. Nikamwambia pole na hongera kwa pamoja. Hakuinua macho.

"Mwalimu, nimedanganya wazee."

Nikauliza kivipi.

"Marwa akikaribia mwisho anakimbia. Kama ng'ombe aliyeona zizi. Miaka yote namtania hivyo. Huyu hakukimbia. Huyu amepiga pole, kama mtu anayempigia mwenzake."

Nikakumbuka maneno ya Marwa, kwamba mwisho anaupiga yeye au wa kumzika. Nikamuuliza, kama si yeye, basi ni nani.

"Ndiyo maana nimesema ni yeye," akajibu, akaendelea na mahindi.

Wakuu, nilichojifunza ni kimoja. Kabla ya kumsukuma mtu akubali msiba, tazama kwanza huo msiba unamwondolea nini. Nilidhani Bhoke amekataa ukweli. Kumbe aliujua kabla yetu wote, akaamua auweke wapi.

Uzi huu naandika kwa ruhusa yake. Anasema wazee hawasomi huku, na huenda kuna mtu humu, wa Migori au wa Serengeti, anayemfahamu mpiga litungu ambaye akifunga wimbo anauzungusha mara moja, anatulia, halafu anagusa uzi wa chini. Kama umewahi kukaa kwenye matanga ukamsikia, sema ilikuwa wapi na alikuwa analiliwa nani. Mwenye maelezo ya kitaalamu kuhusu mashine naye aseme, sitabishana.

Wiki iliyopita nilikwenda Nyarero kwa yule mpigaji, nikiwa na ile sauti aliyoirekodi Mwita kwenye simu, naye akanitumia. Alisikiliza, akaomba kurudia, akanirudishia simu.

"Aliyemaliza hapa anaijua kazi," akasema. "Ila wapigaji wa upande huu nawajua wote, na huyu simjui."