Ujumbe wa Saa Tano Kasoro Dakika Nne

Mume wangu ana hadithi moja anayoipenda kuliko wanawe. Kila akija mgeni mpya nyumbani kwetu Geita, kabla chai haijapoa, lazima aisimulie: kwamba mimi ndiye niliyemtongoza. Anaisimulia mbele yangu, akininyooshea kidole, mimi nikiwa nimeshika birika la moto. Kwa miaka yote hiyo nimemjibu kwamba aliyeanza ni yeye, kwa ujumbe wa simu, na simu yenye huo ujumbe ninayo. Naye husema, "Ulete basi."

Mwaka huu binti yetu mkubwa alichumbiwa. Tukapanga sendofu, sherehe ya kumuaga, na baba yake akapewa nafasi ya kuzungumza. Nikajua hadithi sasa imepata kipaza sauti. Wakwe zetu ni watu wa kanisani, wa Shinyanga mjini, wapole kiasi kwamba ukikaa nao unajiona umevaa nguo chafu. Nikitangaziwa mbele yao kwamba nilimfuata mwanamume machimboni, uso wangu nitauweka wapi?

Nikaenda kuifukua simu sandukuni. Ni ya vitufe, nzito, ya enzi zile nilipokuwa Mwakitolyo, msichana wa kuja kutoka Singida, nikiwapikia wachimbaji wali na maharage. Pembeni nilikuwa na betri ya gari ya kuchajia simu zao. Asubuhi wakishuka kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, waliniachia simu. Wakipanda jioni walikula, kila mtu akachukua yake. Mume wangu alikuwa mmoja wao.

Simu yangu niliikuta betri imevimba na kioo kimekuwa cheusi tii. Fundi wa karibu na stendi, baba wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, aliigeuzageuza akasema, "Mama, huyu ni marehemu."

"Mzindue," nikamwambia.

Akatafuta betri nyingine, ikawaka taa ya vitufe, ila kioo kikabaki giza. Akaniambia cha kufanya ni kuiunganisha na kompyuta, tusomee huko. Binti yangu akaja na kompyuta yake mpya, nyembamba kama kitenge kilichokunjwa. Ina vitundu viwili tu ubavuni, vidogo, vya kuchungulia. Waya wa simu ulikuwa na mdomo mpana. Fundi akaunganisha waya na kiunganishi, kiunganishi na kiunganishi kingine, hadi mezani pakakosa nafasi ya kuweka kiwiko.

Kompyuta ikasema haiitambui simu hii. Niliichukia palepale. Mtoto wa juzi, anatembelewa na mtu mzima, badala ya shikamoo anauliza wewe nani!

Fundi akasema programu ya simu hizi haikubaliani na kompyuta za siku hizi, kwa hiyo ataweka kompyuta ya zamani ndani ya hii mpya. Nikamuuliza ataipitishia wapi. Binti yangu akaniomba ninywe soda kwanza.

Kweli ikaingia. Ikafunguka picha ya kilima cha majani mabichi na anga la buluu, ileile niliyoizoea kwenye maduka ya kuchapa barua zamani. Ikabaki shida moja. Simu ilikuwa ikiuliza ikubali au ikatae kuunganishwa, na swali lenyewe linatokea kwenye kioo kilichokufa. Fundi alibahatisha mara tatu akashindwa. Nikamnyang'anya, nikafumba macho, kidole gumba kikaenda chenyewe: katikati, chini, chini, katikati. Kompyuta ikalia kidogo, na ujumbe ukaanza kushuka mstari kwa mstari. Nilipiga kigelegele mpaka wauza matunda wa nje wakachungulia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimpigia mume wangu aje aone kwa macho yake, mbele ya fundi na binti yetu, ili asije akakana.

Alikuja akavaa miwani. Ujumbe ulikuwa wa kwanza kabisa, umetoka kwenye namba yake: "Mama chakula nakupenda sana naomba unijibu." Nikamgeukia. "Haya, nani kaanza?"

Alisogeza uso karibu na kioo, akasoma pembeni ya maneno. "Saa tano kasoro dakika nne asubuhi," alisema taratibu. "Mama watoto, saa tano asubuhi mimi nilikuwa wapi?"

Alikuwa chini ya ardhi. Simu yake ilikuwa mezani kwangu, inachajiwa.

"Saa ya simu hii haikuwahi kuwa sawa," nikasema haraka.

"Hiyo saa haitoki kwenye simu, mama," fundi akasema, bila kuombwa. "Inatoka kwenye mtandao."

Naapa nilikuwa nimesahau. Uongo ukiurudia miaka mingi, mwishowe unakudanganya mwenyewe. Lakini pale nilikumbuka kila kitu, hata jasho la viganja vyangu nikiandika kwenye simu ya watu. Na chini yake kulikuwa na jibu langu, dakika mbili baadaye: "NIMEKUBALI."

"Mama," binti yangu alisema, "hukujivunga hata kidogo?"

Nikangoja mume wangu acheke. Hakucheka. Alivua miwani.

"Jioni ile nilipopanda nilikuta jibu," alisema. "Nikawa na jibu, sijui nimeuliza nini. Nikatafuta kwenye ujumbe uliotumwa, nikaliona swali. Nikaenda kuoga."

Alikuwa anajua! Miaka yote hiyo alikuwa akiwasimulia wageni nusu tu, ile isiyoniaibisha sana. Kisha neno lile la kuoga likanigonga. Duara lao lilikuwa limeanza kutema dhahabu, na mganga wao alikuwa amekataza mtu yeyote kugusa maji mpaka mzigo utoke wote, bahati isije ikaoshwa. Alikuja kwangu anang'aa mafuta usoni. Kesho yake wenzake walimfukuza kwenye duara.

"Uliniambia mligombana," nikasema.

"Tuligombana. Kuhusu sabuni."

Siku ya sendofu alipokabidhiwa kipaza sauti nilitazama sahani yangu. Akawasalimia wakwe, akakohoa, akasema kwamba aliyeanza ni yeye, alimwandikia mke wake kwa mkono wake mwenyewe, saa tano kasoro dakika nne asubuhi, akitetemeka, na kwamba ushahidi upo kwenye kompyuta kwa atakayetaka. Ukumbi ukapiga makofi. Nililia waziwazi, sikujali wanja, na mama mkwe wa binti yangu akaniinamia akanong'ona kwamba mwanamume anayeanza mwenyewe, na kukiri mbele za watu, ni wa kumtunza.