Safina ya Shemeji Haivuji

Siku hizi mtaani kwetu shemeji yangu hana jina lingine ila Nuhu, na gari lake wanaliita Safina. Yeye hapendi. Niliwahi kumtania kwamba Nuhu wa kwenye vitabu aliingiza wanyama akaondoka nao, ila yeye ameingiza ndoo na matambara akabaki papo hapo, akaninunia mpaka ikabidi nimpelekee chai ya kumbembeleza. Lakini ningesema nini? Gari lilinunuliwa kwa ajili ya safari na halijawahi kutoka uani.

Ni gari la nyumba, yale yenye kila kitu ndani: kitanda, meza ya kukunja, jiko dogo la gesi, sinki, tangi la maji chini ya kiti, na choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Zamani lilikuwa la mkandarasi wa barabara, mafundi wake wakilala humo porini. Shemeji alilinunua alipostaafu, na sababu sote tuliijua. Mtoto wao ni mmoja tu, binti, naye ameolewa mbali, mwendo wa siku mbili, na dada yangu mgongo wake hauwezi kukaa kwenye kiti cha basi siku mbili. Shemeji akamwambia, mke wangu, utakwenda kwa mwanao umelala kitandani mwako. Dada akashona mapazia, akashona na foronya za kitambaa kile kile, akaweka sufuria yake aipendayo kwenye kabati la gari. Siku ile nilimkuta amekaa kiti cha mbele cha abiria, gari limezimwa, anatazama ukuta wa jirani na kutabasamu peke yake.

Mvua ya kwanza ikanyesha, na tone moja likaangukia mto wa dada.

Lilipita kando ya kidirisha cha darini, kile cha kutolea hewa, ambacho mpira wake ulikuwa umechakaa. Mtu mwingine angebadilisha mpira akaendelea na maisha yake. Shemeji alibadilisha mpira, akapaka gundi ya silikoni juu ya mpira, kisha akafunika turubai juu ya gundi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akatuambia akiwa juu ya ngazi, na tangu siku hiyo methali hiyo siipendi.

Nisimwonee, niseme na alikoitoa. Shemeji alikuwa mtunza stoo ya saruji. Siku dada aliposhikwa na uchungu wa kumzaa binti yao, aliomba ruhusa ampeleke hospitali, akaifunga stoo kwa mkono wake, akaondoka. Mvua ikaja na upepo, ukainua bati moja. Aliporudi na habari njema ya mtoto alikuta mifuko imegeuka mawe. Hawakumfukuza kazi. Walimwacha pale pale miaka yote asipande cheo, na kila bosi mpya alipoingia alisimuliwa habari za yule bwana aliyeacha saruji ikaloa. Mfuko mmoja ulioganda aliuleta nyumbani. Upo mpaka leo, umbo lile lile la mfuko na mikunjo yake, na ndio anaoukanyaga akipanda kwenye gari lake. Ukimuuliza kwa nini hautupi, anasema ni ngazi nzuri.

Binti alipopata mimba ya kwanza, mvua zilikuwa zimeanza. Shemeji akasema twendeje na gari linalovuja, tukifika tutaliegesha nje kwa watu, sisi tumelala ndani ya nyumba yao, nani atajua likiloa? Tusubiri likauke, tuzibe, ndipo twende. Dada akasubiri. Mtoto akazaliwa, akakaa, akatambaa, akasimama dede, na yote hayo tuliyaona kwenye kioo cha simu.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba kazi yenyewe shemeji aliijua. Alijua tangi la maji humwagwa na mabomba huachwa wazi mtu anapoliacha gari. Alijua kuliegesha pua ikiwa juu kidogo ili maji ya paani yateremke, na kuzoa majani kwenye mifereji. Yote hayo aliyafanya, tena vizuri. Ila hakuweza kufanya jambo la mwisho, nalo ni kuondoka. Akahamishia blanketi lake garini. Alisema akilala humo atasikia tone likidondoka na kujua linatoka wapi. Tone hakulisikia, lakini asubuhi aliamka akakuta kuta zimelowa.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza kweli. Kila asubuhi maji yalikuwa yanatiririka kwenye vioo, plaiwudi ya kichwani pa kitanda imevimba, na chini ya godoro ukungu mweusi umeanza kuota. Shemeji akaziba. Aliziba madirisha yote kwa gundi, akaziba matundu ya hewa ya chini ya mlango, akaziba hata lile la nyuma ya jiko la gesi, mpaka gari likawa kama chupa yenye kizibo. Akishaziba anaingia, anajifungia, anachemsha chai yake, anaanika matambara kwenye kamba ndani kwa ndani, anasubiri maji. Na maji yalikuja, tena mengi kuliko ya jana. Kila nilipompelekea chakula alinihimiza nifunge mlango upesi, na nikishaufunga nilihisi kifua kinabanwa. Kulikuwa na harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Mimi nilikaa robo saa nikatoroka, yeye akabaki.

Na dada naye akabaki. Watu walimcheka mume, mke hawakumwona. Yeye ndiye aliyekuwa anamwaga ndoo ya matambara kila asubuhi, anashika ngazi, anapika, analala peke yake kwenye nyumba yenye mlango usio na kufuli, na bado alikuwa mfungwa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimwambia aende zake. Akanijibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia mbivu zako, dada yangu, zimeshaanza kuoza. Hatukusemeshana siku mbili tatu.

Kisha binti akapata mimba ya pili, na daktari akamwambia safari hii atajifungua kwa upasuaji. Alimpigia mama yake nikiwepo. Hakulia wala hakulaumu. Alisema tu, "Mama, njoo. Picha sitaki tena."

Wiki ile ile shemeji akaanza kukohoa kikohozi kibaya, akalazwa. Daktari alimuuliza kama analala mahali penye unyevu, naye akajibu kwamba ndiyo, lakini analishughulikia. Kitandani pa hospitali akamkabidhi dada ufunguo wa gari na kumweleza pembe za kukagua kila siku, kuanzia kichwani pa kitanda mpaka chini ya sinki. Dada akaitikia. Lakini kutwa nzima alikuwa hospitali, na akirudi ni kupika na kufua, basi ufunguo ukakaa kwenye mkoba wake. Mvua zilinyesha wakati huo kama zimelipiwa. Turubai lilichomoka upande mmoja, likawa linapigapiga kwenye bati, na mimi nikisikia ule mlio nilijua kwamba Safina imekwisha.

Siku moja kabla hajatoka hospitali, dada akaniomba twende wote tukafungue, ili aibu atakayoiona asiione peke yake. Tulibeba ndoo mbili na fagio. Akageuza ufunguo, tukaingia.

Kulikuwa kukavu.

Dada alipitisha kiganja ukutani. Akanyanyua godoro, akaingiza mkono chini yake. Matambara kwenye kamba yalikuwa yamekakamaa kama boksi. Alizunguka pembe zote alizoelezwa, moja baada ya nyingine, kisha akasimama mbele ya dirisha, akasogeza mdomo, akahemea kioo. Kikafanya ukungu. Akahemea tena, tena, mpaka ukungu ukakusanyika ukawa tone, na tone likateremka. Akalifuata kwa kidole mpaka chini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Akacheka sana, akakaa kitandani, na kicheko kikageuka kilio. Nilikaa karibu yake nikamwacha alie. Miaka yote ile gari lilikuwa linaloa kwa pumzi ya mtu aliyekuwa analinda lisiloe.

Shemeji aliporudi, dada hakusema neno mpaka amemshika mkono, amempandisha kwenye lile jiwe la saruji na kumwingiza ndani aguse mwenyewe. Akagusa. Dada akamweleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa: hakukuwa na mtu humu, hakukuwa na chai wala matambara mabichi, mvua imenyesha yote ile na tone halijaingia. Nilikuwa mlangoni nikisubiri uso wake ubadilike. Ukabadilika kweli. Ulichangamka.

"Mnaona?" akasema. "Nilisema mimi. Ukiziba vizuri, halivuji."

Akauliza ndoo yake ilikowekwa.

Dada hakubishana naye. Alifungua kabati la gari akatoa sufuria yake, akavua foronya zake mbili kwenye mito, akashuka. Kesho yake alikuwa na begi mkononi na mto wa kuwekea mgongo kwenye basi. Alimwambia mumewe, twende. Shemeji akauliza nani atabaki na gari. Nikasema nitabaki mimi, nitakagua pembe zote kwa kiapo. Akanitazama akasema, "Shemeji, wewe hata sufuria ya maziwa huna subira nayo." Hapo hakukosea. Alimbebea dada begi mpaka getini, akamtakia safari njema, akarudi kabla hata dada hajavuka barabara.

Nilimchukia siku ile, na ninasema hivyo bila kuona haya.

Basi nikawa mimi wa kumpelekea chakula. Asubuhi moja ya mvua nimeingia na sahani, mlango nimeshafunga kama ninavyoamriwa, simu yake ikaita. Mikono yake ilikuwa na tambara, akaniomba niipokee na kuipaaza sauti. Alikuwa dada. Nyuma yake kitoto kilikuwa kinalia kwa hasira zote za duniani.

"Wa kike," dada akasema. "Mama yake mzima. Nimemshika hapa."

Shemeji akamshukuru Mungu, akauliza kilo, akauliza anafanana na nani. Kisha sauti yake ikawa ya mtu aliyechoka. "Limeanza tena, mke wangu. Kuta zote. Nimeziba kila mahali, sijui maji yanapita wapi."

Tukamsikia dada akimbembeleza mtoto.

"Mzee wangu," akasema, "humo hamna mtu ila wewe. Toka."

"Mvua inanyesha."

"Najua. Fungua mlango, utoke, na uuache wazi."

Shemeji akanitazama. Akageukia dirisha, akalikausha kwa tambara mpaka likang'aa, akasogeza mdomo akahema. Akatazama. Akafuta, akahema mara ya pili, akatazama tena kwa muda mrefu, na mabega yake yakashuka.

"Alizaliwa saa ngapi?" akauliza, huku ameipa simu mgongo.

"Jana mchana," dada akajibu. "Ulipokuwa unaziba."

Alisukuma mlango. Mvua ikaingia, ikalowesha zulia, ikafika mpaka kwenye miguu yangu. Nikanyoosha mkono niufunge, kwa mazoea tu.

"Uache," akasema.

Akateremka na fulana yake, miguu mitupu, akasimama juu ya lile jiwe la saruji huku maji yanamtiririka usoni. Ndani ya simu dada alikuwa anauliza, "Ametoka? Mdogo wangu, ametoka?"

"Ametoka, dada," nikamwambia.