Aliyepindua Kigurudumu cha Kamera Yangu

Niliondoka kwangu Kambi Muru, hapa Kibera, Jumapili asubuhi kwa sababu Mama Akinyi wa Kawangware alitaka picha moja tu: yeye akitoka majini wakati wa ubatizo. Mamake mgonjwa yuko ushago, kule kijijini, hawezi kusafiri, na alikuwa ameapa hataamini kuwa bintiye amebatizwa mpaka aone. Kazi kama hiyo utampa nani kama si mimi? Shule niliacha darasa la tano, lakini kutoka Kibera mpaka Riruta Satellite hakuna anayepiga picha ngozi nyeusi ikang'aa kama mimi.

Siri yangu ni kigurudumu cha nyuma ya kamera. Nimekipanga kivyangu: kidole gumba kikienda kulia, picha inapata mwangaza, kushoto, inaingia giza. Siangalii. Kidole kinajua.

Nilitembea, begi kifuani, nikakata vichochoro vya Sarang'ombe na kutokea barabara kubwa. Kawangware nilikuta tangi la plastiki limejazwa maji nyuma ya kanisa la mabati.

"Karibu, mtu wa picha," pasta akasema. "Lakini usisimame mbele ya Mungu."

"Nitasimama kando yake, pasta."

Kanzu nyeupe, maji yanametameta: kamera ukiiachia yenyewe, inaogopa huo weupe na kuuzima uso. Kwa hivyo Mama Akinyi alipoinuka, nikapeleka kidole kulia mara mbili, nikapiga. Nikaangalia. Kanzu iko. Uso hakuna, ni masizi matupu.

Wafula. Jirani yangu huyo alikuwa ameiazima kamera Ijumaa. Nikampigia simu papo hapo.

"Eeh, nilikurekebishia," akasema, bila hata aibu. "Ilikuwa inazunguka kinyume."

"Kinyume cha nani?"

"Kamera za watu wote huenda vile nimeiweka, buda."

Nikamwomba pasta amzamishe tena.

"Ubatizo ni mmoja," akasema. "Unataka nimuokoe mara ngapi?"

Watu wakacheka. Mama Akinyi hakucheka. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, akingoja kuona picha.

Nikarudisha kigurudumu kwa njia yangu. "Usijifute," nikamwambia. "Simama hapo kando ya tangi." Kidole kulia mara mbili. Matone yakaonekana mpaka kwenye nyusi.

Akaitazama. "Huyu ni mimi," akasema. "Lakini mama atauliza mbona niko nje ya maji."

Nikairudisha kamera begini.

Nilirudi Kibera nimevimba kwa hasira. Wafula alikuwa mlangoni kwake na kikombe cha chai.

"Mzee, si nilikusaidia?"

"Ukiazima viatu vya mtu," nikamwambia, "huvikati ncha kwa sababu mguu wako ni mfupi."

Siku hizi anayenirudishia kamera haondoki hivi hivi. Namsimamisha mlangoni, jua likiwa mgongoni kwake, napeleka kidole kulia, nampiga picha. Kama kigurudumu kimepinduliwa, heri uso wake upotelee hapo kwangu, kuliko uso ambao mama wa mtu anaungoja ushago.