Pombe Iliyowahi Ijumaa

Mwaka niliokaa Ujerumani nikiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza, nilikuwa na kazi ya pili ambayo sikumwambia mtu: kumchukia baba mdogo. Niliifanya kwa bidii. Nikikunja mashuka, nikimlisha bibi mmoja supu yake, sura niliyoiona ni ya yule bwana tu.

Kabla sijaondoka nilimwomba amsaidie mama kuangalia shamba la marehemu baba kijijini kwetu Mpui. Mama hakuwa na shamba jingine. Miezi minne baadaye mama alinipigia simu akilia. Baba mdogo alikuwa amevuna maharage yetu, na sasa anatangaza kwamba shamba ni lake. "Shamba halimsubiri mtu aliyeko Ulaya," alisema mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani.

Mimi wa zamani ningecheka. Ndivyo nilivyolelewa: nikionewa nacheka, nashukuru, kisha nakwenda kulia chooni. Kule ugenini msimamizi wetu, mama mkavu asiyejua kubembeleza, alinifundisha mambo mawili. La kwanza ni kusema hapana bila kucheka. La pili ni saa. Siku moja nilichelewa dakika kumi, akanionyesha saa ya ukutani. Nilimchukia yeye pia wiki nzima, halafu nikaanza kufika kabla ya wenzangu wote.

Nilipokaribia kurudi, mvua zikielekea mwisho huko nyumbani, mama alinieleza kwamba baba mdogo ameshawatangazia watu siku yake. Jumamosi fulani, wiki tatu mbele, angepika pombe ya ulezi na kijiji kingekuja kumwinulia intumba, yale matuta yetu ya duara tunayofukia majani ndani ili yaoze. Nilielewa mara moja. Kwetu aliyeinua intumba ndiye atakayepanda, na hakuna anayefumua matuta ya mwenzake. Akishainua yeye, mama amelipoteza shamba.

"Nenda Laela kwa mama mkubwa," nikamwambia mama. "Pikieni huko, asijue mtu. Yetu iive Ijumaa, siku moja kabla ya yake."

"Mwanangu, atatuchukia."

"Anatuchukia tayari, mama. Sasa tumpe sababu."

Ijumaa hatukuichagua ovyo. Kila Ijumaa baba mdogo hupeleka mahindi Sumbawanga mjini na kurudi jioni. Mimi nilitua nchini siku chache kabla, nikapanda basi hadi Tunduma, kisha jingine, nikashukia Laela ili nisionekane Mpui. Alhamisi jioni mama alipita nyumba kwa nyumba kule Mpui akiwaalika watu, na kuwaomba wasimwambie baba mdogo. Asubuhi mimi na mama mkubwa tukapakia madumu ya pombe kwenye guta, tukaenda shambani.

Niliogopa watu wangesita. Walikuja wengi kuliko niliowategemea, na majembe yao mabegani, wengine wakicheka chini chini. Kumbe si mimi peke yangu niliyemchoka. Nilishika jembe na mimi, viganja vikiwa laini baada ya mwaka wa kukunja mashuka, na kufikia mchana vilikuwa vimetoka malengelenge. Sijawahi kufurahia maumivu kiasi kile.

Saa kumi jioni baba mdogo alishuka kwenye basi. Alitukuta tunainua safu ya mwisho.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umerudi lini?"

"Nimerudi kwa wakati."

Aliyatazama matuta, kisha akawatazama jirani zake, wale wale waliomwahidi kesho. Hakuna aliyeinua macho.

"Kazi ya nani hii?" akauliza.

"Ya mama," nikasema, wala sikucheka.

Mama akampelekea kata ya pombe kwa mikono miwili, amepiga magoti kidogo kama shemeji mwenye adabu. Hapo ndipo tulipomshika. Anayekunywa pombe ya kazi amemkubali mwenye kazi; akikataa, amemtukana mjane wa kaka yake mbele ya kijiji kizima. Aliipokea kata. Akanywa.

"Ulisema mwenyewe, baba mdogo," nikamwambia. "Shamba halimsubiri mtu."

Jumamosi hakwenda mtu kwake. Kazi haikuwepo, na kugawa pombe ya bure hakuweza, si mtu wa namna hiyo. Ilichacha kwenye mitungi yake hadi Jumatatu, akaimwaga nyuma ya nyumba. Najua kwa sababu nilipita pale, ingawa si njia yangu, nikatembea polepole nikiivuta ile harufu.

Mama anasema niende nikaungame. Nitakwenda. Na padri akiniuliza kama nimeshamsamehe, nitamjibu kama nilivyofundishwa: hapana, na sitacheka.