Mlinzi Aliyepanga Njia ya Milimani

Firmin akitoka kazini asubuhi hasalimii kwanza. Anakaa kwenye kreti la soda mlangoni pa chumba chake, nyuma ya nyumba yangu hapa Malvern, Afrika Kusini, anavua kiatu kimoja, halafu anapumzika kabla ya kuvua cha pili. Siku moja nilipima: kati ya kiatu na kiatu nilimenya viazi vya watu kumi. Mtabisha. Haya, iwe watu saba.

Usiku kucha yuko Midrand, kwenye geti la nyumba za wenye uwezo. Gari linakuja, ananyanyua kizuizi, anashusha, anaandika namba kitabuni. Miaka kumi na minane sasa. Taksi mbili za kwenda, mbili za kurudi. Lakini kwetu Kongo alikuwa dereva wa lori kati ya Bukavu na Uvira, kwenye milima ya Ngomo, ambako barabara ni nyembamba mpaka mbuzi wawili wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Hayo alisema yeye. Mimi nimeongeza mbuzi tu.

Mwezi wa pili Mkenya mmoja anayeishi ndani ya geti lile, anaitwa Mwaniki, mtu wa benki, alisimamisha gari lake jipya. Gari refu, linavuta kwa magurudumu yote manne, na halijawahi kukanyaga hata tope la bustani. Wawili hao huwa wanasalimiana kwa Kiswahili. Akamwambia kwamba yeye na rafiki zake, magari matatu, wanataka kupanda milima mwezi wa tano, majani yakianguka na theluji haijafunga njia.

"Mzee, wewe ni dereva wa milima. Tupangie njia, halafu uendeshe gari la mbele."

Firmin hajashika usukani wa maana tangu aingie nchi hii. Alinisimulia habari hiyo asubuhi ile akiwa na viatu vyote viwili miguuni, nikajua mambo yamebadilika.

Basi, akaanza kazi juu ya kazi. Kila dereva wa lori aliyeleta mzigo getini alipokuwa akitia sahihi kitabuni, Firmin alimuuliza. Umetoka wapi? Ulipita mlima gani? Maji yanakata barabara wapi? Kona gani mbaya? Akayaandika yote kwenye daftari. Asubuhi, badala ya kulala, ananisomea mimi bibi kizee, Koko kama anavyoniita, niliye na magunia yangu ya mkaa na maumivu yangu ya magoti.

"Koko, huku jua linapita upande wa kaskazini. Kona inayotazama kusini haioni jua. Barafu inalala pale mpaka saa sita mchana. Lazima tupite nyuma ya saa sita."

"Na ukifika mapema?"

"Tunangoja. Tunapunguza upepo wa matairi, tunakunywa chai."

Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekatakata vitunguu wiki nzima. Nikamwambia lala, utakufa. Akajibu atalala mwezi wa sita.

Njia aliyoichagua inaitwa Naude's Nek, kule Eastern Cape. Ni ya juu sana, ya mawe na changarawe, na kuanzia mwanzo hadi mwisho haitoki Afrika Kusini. Hilo la mwisho hakuliandika daftarini, lakini ndilo lililokuwa la kwanza kichwani mwake.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Jumapili baada ya kanisa, Mwaniki akaja kwangu na mke wake, Wairimu. Akatandaza ramani juu ya meza yangu, juu ya kabichi zangu.

"Mzee, nimebadilisha kidogo. Hiyo njia yako hakuna mtu anaijua. Tunaenda Sani. Unapanda, ukifika juu uko Lesotho, tunalala huko, kesho yake tunashuka. Nimeshalipia vyumba."

Firmin akaitazama ramani muda mrefu. Mimi nilijua anachokitazama. Hana pasipoti. Ana ile karatasi ya mwomba hifadhi, ya kwenda kuongezewa muda, na kuongezewa tena, tangu watoto wa mtaa huu hawajazaliwa. Kwa karatasi ile unaishi, unafanya kazi. Ila ukivuka mpaka, inahesabika umeliacha ombi lako mwenyewe, na kurudi ni bahati yako. Mkenya mwenye pasipoti mfukoni hafikirii hivyo; kwake mpaka ni mahali pa kunyoosha miguu. Na mwanaume wa kwetu Kivu anapiga shati pasi, anaweka kola sawa, na habari za karatasi hasemi mbele ya mtu anayemwita Mzee.

"Hali ya hewa si nzuri kule," akaanza.

Mwaniki akamwonyesha simu. Jua wiki nzima.

"Mawe ni mengi."

"Sasa si ndiyo maana tulinunua hizi gari?"

Niliona ameishiwa. Nikaleta chai, nikajiingiza.

"Sani? Ile Sani iliyomchukua shemeji yangu?"

Sina shemeji aliyewahi kufika Sani. Mimi sijawahi kupanda juu zaidi ya ghorofa ya pili, kwenye saluni ya mjukuu wangu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka mdomoni.

"Upepo ulimnyanyua na gari lake, ukamgeuza hewani, ukamweka chini taratibu. Hakujua! Akaendesha siku nzima akidhani anapanda. Jioni akafika pale pale alipokunywa uji asubuhi. Na huyo ana bahati. Kuna kona ukipiga honi, mwangwi unarudi wewe umeshazikwa."

Mwaniki akacheka hadi akashika kiti. Wairimu hakucheka.

"Baba Wangeci, mimi siendi."

"Wacha wewe! Hiyo ni hadithi."

"Hadithi? Shosho mzima hivi atadanganya Jumapili?"

Nikainama kumimina chai.

Wakavutana. Mume anasema watu wanapanda kila siku, mke anasema wapande, yeye ana watoto. Mwishowe Mwaniki akakunja ramani kwa hasira. "Basi tuache. Tutaenda Durban tukae kwa mchanga kama kila mtu."

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilitaka kuiua Sani, nikaiua safari yote. Firmin aliniangalia jinsi unavyomwangalia mbwa aliyekula nyama ya wageni.

"Koko, nyamaza kidogo. Tafadhali."

Akaingia chumbani, akarudi na karatasi yake ndani ya plastiki. Akaiweka mezani. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Patron, mlima hauna shida. Shida ni mimi. Nikipita pale juu, kushuka siwezi. Njo maana nilichagua ile ingine."

Mwaniki akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mzee. Kila siku unaangalia vitambulisho vya wageni wangu."

"Niko naangalia."

"Kwa nini hukusema?"

Firmin akanyoosha kola yake. Alikuwa na saa ishirini hajalala. Mwaniki akajikuna shingo, akatafuta njia ya katikati, kama wanavyofanya watu wa ofisini. "Sikiza. Utufikishe mpaka pale chini kwa geti la mpaka. Sisi tupande, wewe utungoje siku mbili tu. Nitakutafutia chumba kizuri."

"Kungoja getini nangoja kila usiku," Firmin akasema. "Kwa hilo tafuta mwingine."

Nikamwona Firmin anaanza kukunja karatasi, polepole, ili isikatike kwenye mikunjo, na nikajua akimaliza kuikunja ataingia ndani alale na hatatoka.

Wairimu ndiye aliyeuliza. "Mzee, hiyo njia yako, kona ngapi mbaya?"

"Sita. Nne zina barafu asubuhi. Mbili ni za mawe, hizo unapita kwa gia ndogo, breki hushiki."

"Na nani atakuwa anaendesha gari nimo?"

"Mimi."

Akamgeukia mumewe. "Umesikia? Huyu amezihesabu. Wewe umehesabu vitanda."

"Nimeshalipia, mama Wangeci!"

"Basi enda ulale huko peke yako na huo upepo."

Mwaniki akalalamika hadi kwenye gari, na nikamsikia kwenye simu akiwaambia rafiki zake kwamba njia ya Sani imepata matatizo ya upepo.

Walikwenda, kwa njia ya Firmin. Siku nne. Firmin alirudi Jumatatu alasiri, akakaa kwenye kreti, akavua kiatu kimoja. Nikamuuliza kulikuwaje. Akasema, "Baridi." Jioni akaenda zake kazini.

Yaliyobaki nilipewa na Wairimu. Kule juu kabisa Firmin alizima gari, akaomba aachwe kidogo. Akasimama ukingoni, mikono mfukoni, mgongo kwa upepo, akiangalia barabara inavyoteremka, nyembamba kama ile ya Ngomo. Watu wa mtaa wetu, Jules Street, nimewaambia alisimama masaa matatu, theluji ikamfika magotini. Ilikuwa dakika kumi, na theluji haikuwepo. Kisha akarudi kwenye gari, akaweka gia ndogo, akawashusha wote.